Vibua, Chuchunge na Wenzao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Samaki Wasiogombewa Dar es Salaam

Mtu wa Dar akienda kununua samaki wa bahari hutaja majina yale yale: changu, nguru, kolekole, tasi, na akiwa na wageni, chewa au kamba. Kisha analalamika kwamba samaki wamekuwa ghali. Meza ya pili pale pale imejaa samaki wa alfajiri hiyo, bei yao nafuu, na haikaribii. Majibu haya ni kwa ajili yake.

Samaki gani hasa mnaowazungumzia?

Wengi umekwisha kuwaona, ila hujawahi kuwapeleka nyumbani.

Wa kwanza ni kibua. Huyu anajulikana kila mtaa, lakini watu wamempachika cheo cha chakula cha kibanda cha mama lishe, na mwenye gari akimnunua utadhani anaomba radhi. Ni samaki wa mafuta, nyama tamu, anatembea kwa makundi makubwa, na anapoingia kwa wingi bei yake hushuka haraka kuliko ya samaki yeyote wa mwambani.

Chuchunge ni yule mwembamba, mrefu, mwenye taya la chini lililochomoza kama sindano. Nyama nyeupe, haina mafuta mengi, akikaangwa anakauka vizuri hadi mkia. Ana jamaa zake wakubwa ambao mataya yote mawili ni marefu na yamejaa meno. Hao ukiwapasua utakuta mifupa ya kijani. Usiogope, ni rangi yao ya asili na haidhuru.

Mkizi hukaa karibu na mikoko na midomo ya mito. Sehewa ni jamaa wa jodari, mgongo una michirizi, nyama nyekundu iliyokolea. Mbono na mkundaji hutoka mwambani, wana ukubwa wa sahani moja, na mara nyingi huuzwa kwenye fungu la mchanganyiko bila hata kutajwa. Hongwe ni kambare wa baharini, mwenye ndevu na asiye na magamba. Kuna dagaa mchele, na kuna ngisi na dome, ambao Dar tumewaachia mahoteli bila sababu yoyote ninayoijua.

Majina hubadilika ukihama ufukwe. Mvuvi aliyetoka Kilwa na aliyetoka Pemba wanaweza kumwita samaki mmoja kwa majina mawili, kwa hiyo ukiwa mezani nyoosha kidole kuliko kubishania jina.

Kwa nini nijisumbue wakati changu na chewa wapo?

Kwanza mfuko wako. Pili, hao unaowataka wote tunawataka, na wanakua taratibu. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakishakuwa wakubwa hugeuka madume. Changu wa aina kadhaa wako hivyo hivyo. Tukiwavua wale wakubwa tu kwa sababu hoteli zinawataka, tunawaondoa madume. Tukishuka tukavua wa kati, tunawaondoa majike kabla hawajazaa vya kutosha. Kibua huwa tayari kuzaa akiwa na umri wa kama mwaka mmoja, na dagaa mchele maisha yake yote hayazidi sana mwaka au miwili.

Kuna jambo la tatu, la mvuvi mwenyewe. Karibu samaki wote wa baharini nchini wanavuliwa na wavuvi wadogo: ngalawa, mashua, boti za mashine. Nyavu haichagui kama unavyochagua wewe. Mtu anarudi na changu watatu na ndoo nzima ya vitu vingine, halafu hesabu ya mafuta na barafu inategemea wale watatu. Hizo ndoo nyingine zikiwa na wanunuzi, safari inalipa bila kuwasaka changu mpaka wa mwisho.

Kula samaki wadogo si ndiyo kumaliza kizazi?

Swali hili ni zuri kuliko yote, na jibu lake linategemea ni mdogo gani.

Dagaa mchele ni mtu mzima. Ukubwa ule ndio ukubwa wake. Chuchunge wa urefu wa kiganja na vidole pia keshakua. Lakini changu wa urefu wa kidole, chewa anayetosha kwenye kikombe, tasi mdogo kama sarafu: hao ni watoto. Ukiona fungu lenye vitoto vya aina nyingi tofauti vimechanganywa, vingine hata huwezi kuvitambua, hapo pamepita kokoro, juya lililokokotwa kutoka majini hadi ufukweni likazoa kila kilichokuwa kwenye majani ya bahari. Uvuvi huo umekatazwa kisheria. Usinunue, hata kama anayeuza ni mama unayemfahamu na anasema ni vya kukaangia watoto tu.

Kwa pweza mambo ni rahisi zaidi kwa sababu sheria imetaja uzito: asiyefika gramu 500 haruhusiwi kuvuliwa wala kuuzwa. Pweza haishi muda mrefu, na jike hufa baada ya kuangua mayai yake, kwa hiyo ukimchukua kabla hajataga umechukua ukoo wote. Songosongo huko Kilwa wavuvi wamewahi kukubaliana kufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wakaifungua. Dar mjini hatuna miamba ya kufunga hivyo, ila tuna macho ya kupimia kilichoko mezani.

Na wale wa baruti? Miaka ya nyuma milipuko ilisikika mpaka fukwe za Dar. Imepungua sana baada ya msako mkali, lakini jifunze dalili: samaki nje mzima, ndani damu imevuja tumboni, nyama imelegea, uti wa mgongo umevunjika na miiba imeachia nyama. Mpara samaki mzoefu atakwambia mara tu akimpasua.

Nawapata wapi, na saa ngapi?

Feri, pale Magogoni karibu na pantoni la Kigamboni, ndiko mahali pa uhakika. Soko lile lilijengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2002, na sehemu zake zimegawanywa: kuna mnada, kuna meza za wachuuzi, kuna wapara samaki, kuna wakaangaji. Mtu wa familia anaogopa mnada kwa sababu ya kelele. Hana haja. Samaki wa mnadani huuzwa kwa tenga, ndoo au fungu kubwa, na wanawake wengi hufanya jambo la busara: wanakuja watatu au wanne, mmoja anashindana na dalali, kisha wanagawana pembeni. Usipokuwa na wenzako, mchuuzi wa mezani atakuuzia kwa fungu. Fika alfajiri. Saa nne asubuhi jua limeshaanza kufanya kazi yake.

Nje ya Feri kuna Kunduchi, Msasani, Kawe, Mbweni, na upande wa Kigamboni kuna Mjimwema hadi Kimbiji. Fukwe hizi zina uzuri wake: unamwona aliyevua, na unaweza kumuuliza ametumia nini na alitoka wapi. Swali hilo lina maana, kwa sababu visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini na maji yanayovizunguka ni hifadhi tangu mwaka 1975, na humo hakuvuliwi.

Siku nayo ni muhimu. Dagaa na vibua wengi huvuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta samaki kukiwa na giza. Mbalamwezi ikishakuwa kamili, boti za dagaa hupumzika, ndoo zinapungua, bei inapanda. Subiri mwezi ufifie. Wakati wa kusi kali, hasa Juni hadi Agosti, vyombo vidogo hushindwa kutoka siku nyingine, kwa hiyo usishangae ukikuta meza nusu tupu. Ukifika sokoni, badala ya kuuliza "Changu wapo?", salimia kwanza, kisha uliza, "Leo kimeingia nini?" Utaona jinsi mazungumzo yanavyobadilika.

Nitajuaje kama ni wabichi?

Jicho lililotuna na kung'aa, matamvua mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza, harufu ya bahari. Kwa vibua na dagaa angalia tumbo: likiwa limelegea au limepasuka, achana nao. Na angalia barafu. Samaki mwenye jicho zuri aliyelala juani bila barafu hatakuwa mzuri utakapofika Kimara.

Nilikula kibua nikawashwa mwili mzima. Nina mzio wa samaki?

Inawezekana, lakini mara nyingi si mzio wa samaki mwenyewe.

Kibua, sehewa na jodari wana tabia moja. Wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hugeuza kitu kilichomo kwenye nyama yao kuwa histamini. Uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio, wakati mwingine tumbo linavuruga. Huanza dakika chache hadi saa moja au mbili baada ya kula, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Wengine hukumbuka kwamba samaki alikuwa anachoma ulimi kama ametiwa pilipili wakati hakutiwa. Ukihisi hivyo, tema na weka sahani chini.

Jambo baya ni kwamba histamini haiondoki kwa moto. Kumkaanga hadi awe mkaa hakusaidii, wala kumgandisha baada ya kuharibika. Kinga pekee ni baridi, tangu chomboni hadi jikoni kwako. Ndiyo maana nasema nenda Feri na ndoo yenye barafu. Mfuko wa plastiki kwenye bodaboda, foleni ya saa mbili, jua la mchana, hiyo si njia ya kusafirishia vibua. Ukishindwa kupumua au midomo ikivimba, kimbia hospitali, usikae nyumbani kukisia chanzo.

Miiba je? Nina watoto wadogo.

Kibua akichanjwa mgongoni na kukaangwa, nyama yake huachia uti kwa urahisi. Sehewa mkubwa ana mnofu mpana usio na vijiba vidogo vidogo, huyo ndiye wa kuanzia kwa mtoto. Dagaa mchele huliwa mzima, na huko kula mzima ndiko kunakompa mtoto madini ya chokaa kutoka kwenye mifupa yake. Chuchunge usimpe mtoto mdogo bila kumchambua.

Miiba inayopaswa kukuogopesha zaidi iko nje. Hongwe ana mitatu yenye sumu, mmoja mgongoni na miwili mbavuni, basi mwambie mpara aikate kabla hajakukabidhi. Wanaomkwepa hongwe kwa sababu hiyo hujisahau kwamba tasi wanayemsifu naye ana miiba ya sumu mgongoni na tumboni, na mwenye kuchomwa naye analia vile vile. Ukichomwa, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, ukae nao humo nusu saa au zaidi. Joto huvunja nguvu ya sumu hiyo.

Shombo linanishinda. Nifanyeje?

Kama amekwisha kuharibika, hakuna ndimu itakayomfufua. Kama ni mbichi, kila mmoja ana dawa yake. Mkizi ana utando mweusi ndani ya tumbo. Usugue wote utoke, maana ndio unaoleta ladha ya tope watu wanayomlaumu nayo. Hongwe msugue kwa chumvi na ndimu mpaka ute uishe, uoshe, urudie. Sehewa ana ukanda wa nyama nyeusi katikati ya mnofu: ukate ukitaka ladha nyepesi, uuache ukiwa mtu wa pwani.

Nipikeje, maana nimezoea changu wa kukaanga?

Anza na unachokijua. Vibua wachanje, wapake chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, waache kidogo, kisha kaanga au banika juu ya mkaa. Ugali, kachumbari yenye pilipili, tembele. Hakuna la kuongeza.

Chuchunge mkate lile taya, mpake chumvi na bizari, mtose kwenye mafuta yaliyochemka vizuri. Mafuta ya uvuguvugu ndiyo yanayomfanya awe laini na kuchosha. Wengine humkunja wakamfunga mkia mdomoni ili atoshe kwenye kikaango kidogo.

Sehewa ndiye ninayemtetea zaidi. Watu humkaanga akakauka, kisha wanasema ni mgumu. Nyama yake inataka uchachu na tui. Kata vipande vinene, viloweke kwenye maji ya chumvi na ndimu ili damu itoke, osha. Kaanga kitunguu na nyanya, tia bizari, tia tui la pili, embe mbichi iliyokatwa au ukwaju, acha ichemke, kisha ndipo uweke samaki. Malizia na tui zito, usifunike, usikoroge ovyo. Wali mweupe. Hongwe naye anapenda mchuzi huu huu, ila mzito zaidi.

Dagaa mchele wabichi huwakaanga wakawa wakavu, kisha unawarudisha kwenye rosti ya nyanya na hoho, ukipenda na tui kidogo. Ngisi ana kanuni moja tu: dakika mbili tatu kwenye moto mkali, au mchemshe muda mrefu. Katikati ya hapo ni mpira.

Dagaa wa bahari na dagaa wa Kigoma, nani bora?

Sitaingia kwenye ugomvi huo. Kigoma wana haki ya kujivunia dagaa wao, na samaki wengi wanaovuliwa nchini hutoka kwenye maziwa hata hivyo. Ninachosema ni kwamba dagaa wa bahari wako mlangoni kwako, wanapatikana wabichi, na dagaa wa Kigoma akiwa mbichi wa asubuhi hiyo, hata mtu wa Kigoma mwenyewe hawezi kumpata Dar.

Vibua wa kwenye katoni, wale waliogandishwa?

Wengi wao wametoka nje ya nchi. Si dhambi kuwala, ila si hawa tunaowazungumzia, na kumnunua hakumsaidii mvuvi wa Kunduchi. Uliza walikotoka.

Mjamzito anaweza kula hawa?

Ndiyo, na hawa wadogo wanamfaa kuliko wale wakubwa. Zebaki iliyomo baharini hujikusanya zaidi kwa samaki wakubwa wanaoishi muda mrefu na kula wenzao: papa, nduaro, jodari mkubwa. Dagaa na kibua hawajaishi kutosha kuikusanya kwa kiasi hicho, na wana mafuta ya omega-3 yanayosaidia ubongo wa mtoto. Wapikwe waive, basi.

Kuhusu dini?

Waislamu wa pwani, wengi wao wakifuata madhehebu ya Shafi, hawana shida na ngisi, dome wala pweza. Wasabato na wengine wanaofuata Walawi 11 wanataka mapezi na magamba: kibua, chuchunge, mkizi na mbono wanafaa, hongwe na ngisi hawafai. Ukialika watu, uliza kabla.

Na papa na taa? Si nao wa bei nafuu?

Najua papa mkavu aliyechomwa na kutiwa tui ni chakula cha wazee wetu. Hata hivyo siwaweki kwenye orodha hii. Papa na taa huchelewa kuzaa, na wakizaa hutoa watoto wachache tu, kwa hiyo hawahimili uvuvi wa sasa. Baadhi ya aina zao, wakiwemo papa wenye kichwa cha nyundo, wamo hatarini kutoweka duniani. Tuna samaki wengine wa kutosha.

Pono pia simpigii debe, ingawa si mbaya kwa ladha. Anakula majani yanayofunika matumbawe, na mwamba wenye pono wachache huchakaa. Akitokea kwenye fungu la mchanganyiko, mle, lakini usimwagize.

Kome na chaza wa ufukweni?

Hao huchuja maji ili wapate chakula, na kila kilichomo majini wanakihifadhi. Mto Msimbazi unaingia baharini pale Salenda ukiwa umebeba taka za nusu ya jiji. Wanaookotwa karibu na hapo, au karibu na bandari na mabomba ya maji machafu, usile hata wakichemshwa. Wanaotoka kusini mwa Kigamboni, mbali na makazi, ni habari nyingine, na hao pia waive kabisa.

Kuna ambao nisile kamwe?

Bunju, yule anayejijaza hewa. Sumu yake haiondolewi kwa kupika na haina dawa. Na kasa: mbali ya kuwa analindwa na sheria, nyama yake huweza kuwa na sumu bila dalili yoyote ya nje. Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walifariki baada ya kumla, wanane kati yao watoto.

Nina kibanda cha chakula. Wateja watakubali?

Mteja anayeona ubao umeandikwa "samaki" anatarajia changu. Andika jina: "Sehewa wa nazi na embe", "Chuchunge mkavu na chachandu". Pika kidogo siku ya kwanza, na mpe mteja wako wa kila siku kipande aonje bure, si mgeni. Usijifunge kwa samaki mmoja kwa wiki nzima, maana ukiahidi mbono Jumatatu na Jumatano bahari ikakataa, utarudi kukimbizana na wenzako kwa changu.

Sina friji. Nafanyaje na fungu zima?

Kaanga siku hiyo hiyo wale mtakaowamaliza hadi kesho. Kibua aliyekaangwa akakauka vizuri anafika kesho ukimpasha moto mkali asubuhi na jioni. Wabichi wanaobaki wapasue mgongoni siku hiyo hiyo, wafungue kama kitabu, wapake chumvi nyingi, waanike juani juu ya chanja mbali na nzi mpaka wawe ng'onda. Kipindi cha kaskazi jua linatosha. Masika usijaribu, wataoza kabla hawajakauka. Nunua kiasi cha siku moja, au gawana na jirani kabla hujaondoka sokoni.